Kamba Isiyo na Mtu

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe huko juu Mgeta, mwanangu Tatu, mimi nikiwa na miaka kumi na tisa na kichwa kigumu kuliko jiwe lenyewe. Kaa vizuri. Sogeza hilo begi lako la kamba, linanizuia kunyoosha mguu. Wiki iliyopita ulikuja hapa barazani kwangu Mafiga ukaniomba mambo mawili, baraka na kunyamaza, nami nikakwambia nitakujibu. Siku zikapita, ukadhani mjomba wako amezeeka, amesahau. Sijasahau. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na kila nikitafuta najikuta narudi kwenye asubuhi ile.

Nyinyi vijana wa leo mnadhani kupanda miamba kumeletwa na wageni wenye helmeti. Haya, mnadhani hivyo. Sisi tulipanda kabla hamjazaliwa, ila hatukupanda kwa mchezo. Tulifuata asali. Juu ya kijiji chetu kuna mwamba mrefu unaotazama bonde, na kwenye nyufa zake nyuki walijaa tangu enzi za babu zangu. Mwamba ule huupandi kutoka chini. Unashushwa kutoka juu kwa kamba, unafukiza moshi, unarina, kisha unapanda kurudi huku mwenzako akikusanya kamba kidogo kidogo.

Na huyo mwenzako hakuwa mtu yeyote tu. Kwetu kamba ilishikwa na mjomba. Unajua mwenyewe kwamba sisi Waluguru ukoo ni wa mama. Baba anaweza kukupenda mpaka mwisho, lakini jambo likikupata, anayeitwa mbele ya ukoo na kuulizwa mtoto wetu yuko wapi ni mjomba. Basi atakayeulizwa ndiye anayeshika.

Aliyenishikia mimi alikuwa Mjomba Shomari, kaka yake bibi yako mzaa mama. Mtu mfupi, mkimya, alikuwa akikohoa kidogo kabla ya kusema neno lolote. Ujanani alifanya kazi kwenye mashamba ya katani huko chini tambarare, akarudi na ufundi wa kusokota kamba. Alikuwa akikaa mlangoni kwake anasokota katani juu ya paja, na paja lile halikuwa na unywele hata mmoja. Watu walitoka vijiji vya mbali kufuata kamba za Shomari, za kufungia mizigo ya kabichi kwenye malori, za kufungia mbuzi, za kutekea maji. Kamba hukatikia pabovu, alisema, na kamba yangu haina pabovu.

Juu ya mwamba hapakuwa na mti. Palikuwa upara wa jiwe tu, na mti wa karibu ulikuwa mbali, kamba haiufikii. Kwa hiyo Mjomba alikaa chini, akakita visigino kwenye ufa, akajizungushia kamba kiunoni, akaishika kwa mikono miwili. Halafu kila baada ya muda aliita, "Upo?" Nami huku chini niliitika, "Nipo." Hatukuwa na maneno mengine. Sheria ilikuwa moja, na aliniambia nikiwa bado sijaota ndevu: ukifika mahali pa kusimama na ukataka kufungua kamba, unasema kwanza, "Nafungua." Mpaka usikie yeye amesema "Haya," mkono wako usiguse fundo.

Ni jambo dogo, sivyo? Hata mtoto angeliweza.

Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nilikuwa nimeshasifiwa sana. Wazee walisema mtoto huyu ana vidole vya mjusi. Na wakati huohuo vijana wenzangu wakawa wananitania, wananiita mtoto wa kamba, kwamba nanyonya kamba ya mjomba kama kitoto cha mbuzi. Sifa na utani, mwanangu, vikikutana kwenye kichwa cha kijana wa miaka kumi na tisa, akili inatafuta mlango wa kutokea.

Asubuhi ile ilikuwa ya soko. Njia ya kwenda Mgeta inapita chini ya mwamba, na wanawake walikuwa wanateremka na matenga ya karoti na njegere kuwahi malori. Kati yao alikuwamo Zuhura. Usinicheke. Na mimi nilikuwa kijana. Zuhura alikuwa na mwendo wa kuteremka mlima na tenga kichwani bila kulishika, na mimi ule mwendo ulikuwa unaninyima usingizi tangu mwezi wa Ramadhani.

Pale kwenye mzinga wa nyuki kulikuwa na ukingo mwembamba, upana wake kama kizingiti cha mlango. Ulitambaa kulia mpaka juu ya njia ya soko. Na kwenye ukingo ule, kwenye kivuli, yaliota yale maua madogo ya zambarau ambayo leo wageni wanatoka Ulaya kuja kuyapiga picha. Nikawaza, nikiyafuata yale maua huru, bila kamba, mbele ya Zuhura na kijiji kizima, nani ataniita tena mtoto wa kamba? Ila nikisema "Nafungua," Mjomba atauliza kwa nini. Na nikimwambia kwa nini, atakohoa kidogo, kisha atasema hapana.

Basi sikusema. Nilikuta kichaka chenye mizizi iliyojishika barabara ndani ya ufa. Nikafungua kamba kiunoni, nikaifunga kwenye kichaka, nikaikaza, ili Mjomba akivuta ahisi kuna kitu. Fundo likiwa bado mkononi nikasikia, "Upo?"

Nikajibu, "Nipo."

Nikaondoka.

Nilitembea ule ukingo kama mtu anayetembea barazani kwake. Wanawake waliponiona wakashika midomo, mmoja akanitukania mama. Zuhura alisimama, akatazama juu. Nikachuma maua, mengine nikayatia mdomoni ili mikono iwe huru. Ah, siku hiyo niliona mlima wote wa Uluguru umeumbwa ili mimi niusimamie.

Kisha ukungu ukashuka. Unaujua ukungu wa kule, hauombi hodi. Ukingo ukalowa, nikaona siwezi kurudi nilikotoka. Lakini mbele palikuwa na mizizi ya kushukia mpaka njiani, nikashuka salama. Nikasema moyoni, nitazunguka kwa njia ya nyuma nikamwambie Mjomba. Ni mwendo wa nusu saa tu. Ila Zuhura alikuwa ameyapokea yale maua na anacheka, na tenga lake lilikuwa zito, nikaona nimsaidie kidogo mpaka mtoni. Mtoni nikaona si mbali mpaka darajani. Darajani tayari kelele za soko zinasikika.

Hapa wazee wengi wangekwambia walisahau. Mimi sikusahau, nakwambia kweli kwa sababu umri wa kujipamba umenipita. Nilimkumbuka kila hatua. Nilijiambia, Mjomba si mjinga, atavuta kamba, ataona haiji, atajua nimeshuka, atakwenda zake nyumbani. Niliyasema hayo mara nyingi sana njiani, na kitu cha kweli hukisemi mara nyingi namna ile.

Sokoni nikapakia kabichi kwenye lori pamoja na wapagazi, nikajionyesha nguvu, nikanunua mahindi mawili ya kuchoma, moja langu, moja la Zuhura. Nilikuwa natafuna pale mama yake Zuhura aliponitazama. Mama yule hakuwa mtu wa maneno.

"Wewe si ulikuwa mwambani asubuhi?"

"Ndiyo, mama."

"Nani alikushikia kamba?"

"Mjomba Shomari."

"Umemwambia umeshuka?"

Nililitoa hindi mdomoni. Alitua tenga lake chini taratibu, akasema, "Kimbia."

Nilikimbia, mwanangu. Unaijua ile miinuko, unapanda goti likigusa kidevu. Manyunyu yalikuwa yanapiga usoni, na adhuhuri ilikuwa imepita zamani, tunakwenda alasiri. Nilipanda kwa njia ya nyuma, na nilipokaribia upara wa mwamba, ukungu ulikuwa mzito, simwoni. Nilimsikia kwanza.

Alikuwa anaongea. Mjomba Shomari, ambaye kwa siku nzima alikuwa hasemi maneno kumi, alikuwa anaongea bila kupumzika. Anaongea na mimi. Na mimi huyo anayeongea naye, kwa mawazo yake, niko chini ya mwamba, nimeumia, naning'inia kwenye kamba yake.

"Usilale, mwanangu," anasema, na sauti imemkauka. "Mguu ukifa ganzi uusogeze kidogo kidogo. Watu wa sokoni watarudi alasiri, nitawaita wote, tutakuvuta. Mama yako usimhofu, nitasema naye mimi. Upo? Haya, usijibu, tunza nguvu. Mimi nipo. Mimi sitoki hapa."

Nimekaa nyuma yake na ukungu umenificha. Nimesikia jinsi alivyonisimulia habari za siku niliyozaliwa. Nimemsikia akisoma Kulhuwallahu, kisha akaita tena, "Upo?", kisha akanyamaza kusikiliza, kisha akaanza upya. Alikuwa hawezi kuniacha akatafute watu, maana akiachia kamba nakufa. Alikuwa hawezi kunivuta kwa nguvu, maana kamba imekwama na akilazimisha inaweza kukatwa na jiwe. Basi alishika. Tangu asubuhi alishika, kwenye manyunyu na baridi, hajala, hajanywa, hajasimama hata kujisitiri.

Unajua nilisema nini? Miaka yote hii bado naona haya. Nilisema, "Shikamoo, Mjomba."

Ndilo neno lililonitoka. Aligeuza shingo taratibu, akanitazama. Akaitazama kamba. Akafuata kamba kwa macho mpaka inapozama kwenye ukingo wa jiwe, kisha akanitazama tena.

"Marahaba," akasema.

Halafu akauliza, "Ulifungua saa ngapi?"

"Asubuhi."

Alikohoa kidogo. Nikasubiri kofi, nikasubiri laana, nikatamani vyote viwili vije. Akasema, "Umekula?"

"Nimekula, Mjomba."

"Vizuri," akasema. "Basi nisaidie mikono, haifunguki."

Nilipiga magoti mbele yake nikamfungua vidole kimoja kimoja. Katani ilikuwa imeingia kwenye nyama. Vya mkono wa kulia vilikuja. Vya mkono wa kushoto, kidole cha mwisho na cha kabla yake, vilikataa. Na vilikataa mpaka siku tuliyomzika. Mwenye vidole viwili vilivyojikunja hasokoti kamba, mwanangu. Anaweza kulima kidogo, anaweza kushika kikombe. Kamba za Shomari ziliisha siku ile, na watu walipokuja kuzifuata aliwaambia macho hayaoni vizuri. Kwa mama yangu alisema jiwe lilimwangukia. Ukoo haukuambiwa kitu.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilikuwa nimeusikia usemi huo tangu utotoni. Guu langu hili hapa, ligonge, zima kabisa. Kilichovunjika ni vidole vya mkuu mwenyewe. Hilo wahenga hawakuniambia, au waliniambia sikusikiliza.

Siku ya tatu aliniita mlangoni kwake. Sikuweza kumtazama usoni, nikawa natazama lile paja lisilo na unywele. Akasema maneno ambayo nimekaa nayo umri wangu wote. "Kufungua si kosa. Mtu mzima hufungua. Ungeniambia unafungua, ningekasirika, ningekutukana, kisha ningeacha kamba nikaenda nyumbani kula ugali. Kosa lako si kufungua. Kosa lako ni kuniacha nikishikilia."

Zuhura, kama unataka kujua, aliolewa na dereva wa lori, na ilistahili. Nasikia wana maisha mazuri. Mama yake alihakikisha.

Sasa nije kwako.

Ulikuja ukaniambia umeacha chuo cha uuguzi tangu mwezi wa nne, kwamba damu na wodi havikukaa moyoni mwako, kwamba moyo wako uko kwenye miamba. Ukaniambia wewe na mwenzako Elia mnataka kuifanya kazi. Wageni wanakuja kutoka Dar na nchi za nje, wanautazama mlima huu kutoka mjini na hakuna wa kuwapeleka. Ukanitajia miamba ya hapo juu ya mji kwa wanaoanza, ya njia ya Mgeta kwa waliokomaa, mpaka ule mwamba wetu wa asali ukautaja, hujui unamtajia nani. Ulisema vizuri. Watu wanauita mji wetu mji kasoro bahari, wanahesabu tulichokosa, hawainui macho kuona tulichopewa. Kazi hiyo ni halali na ni nzuri. Uwaambie tu wageni wako kwamba jiwe la Uluguru likiwa na maji si jiwe tena, ni sabuni.

Kisha ukasema, "Ila Mjomba, nakuomba usimwambie mama."

Jana nilikuja kukuona. Hukujua. Nilipanda bodaboda mpaka barabara inapoishia, nikamalizia na fimbo yangu, nikasimama mbali. Nikakuona umevaa mikanda yako, umeng'ang'ania jiwe kwa ncha za vidole, na Elia yuko chini anashika kamba, macho hayatoki kwako. Nikasema, kumbe damu haipotei. Ukafika juu, ukajiweka sawa, kisha ukapiga kelele bonde zima likasikia, "Nafungua!"

Na Elia akajibu, "Nimeachia!"

Nilikaa chini kwenye majani, nikalia kama mtoto, mzee mzima. Elia aliponiona akadhani nimepatwa na ugonjwa, akaniletea maji. Nilimwambia ni jua. Nikamwuliza, hilo neno mmefundishwa na nani? Akasema, "Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, mzee. Bila hiyo hatupandi."

Sheria ya kwanza. Na Mjomba Shomari hakuwahi kuingia darasa la kupanda mlima.

Basi hii ndiyo nasaha yangu, na isikilize kwa masikio yote mawili. Mama yako kila Jumapili jioni anafua zile sare zako nyeupe za uuguzi. Anazianua, anazipiga pasi kwa mkaa, anakunja kola kwa kidole. Nimekaa naye nikamwona. Anaziimbia. Jumatatu unazitia kwenye begi unazipeleka mlimani, na jioni unazirudisha zina mikunjo, anafurahi kwamba mwanawe amefanya kazi. Majirani wakiumwa anawaambia, ngojeni, nesi wangu anakaribia kumaliza. Mama yako amekaa juu ya mwamba, mwanangu, visigino kwenye ufa, kamba imemzunguka kiunoni. Anaita "Upo?", nawe unamjibu "Nipo," na fundo limefunguka tangu mwezi wa nne.

Sikukatazi kufungua. Wewe ni mtu mzima. Wengine watafungua kamba ya chuo, wengine ya ndoa, wengine watakwenda Dar wakabadili hata jina, na yote hayo mtu anaweza kuyaishi. Lakini kila aliyejifunga kamba kiunoni kwa ajili yako ana haki ya kusikia neno moja kutoka kinywani mwako. Atakasirika. Mama yako nazungumza naye tangu yuko mgongoni kwa bibi yako, namjua, atalia, atatupa pasi, atasema umemwua. Mwache. Hasira ya mtu aliyeambiwa huisha. Vidole vya mtu aliyeachwa anashikilia, mimi nimevifungua kwa mikono yangu, na viwili havikunyooka.

Kule mwambani unajua kulisema neno lile mpaka bonde zima linasikia. Sasa shuka nalo nyumbani. Leo ni Jumapili, na saa hizi mkaa ndio anauwasha. Ukitaka tufuatane, nitachukua fimbo. Lakini utasema mwenyewe, mimi nitakaa pembeni. Ukishasema, njoo unijulishe niachie na mimi, maana siri yako nimeishika wiki nzima na mikono imechoka.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupandishe salama na akushushe salama. Ayatulize mawe chini ya vidole vyako na aukawize ukungu mpaka ushuke. Akupe wageni wema, na mwenza asiyeondoa macho. Na kwa kuwa mimi sasa ndiye nitakayeulizwa na ukoo, basi kamba yako naishika mimi, mpaka utakaponiambia vingine. Na mama yako akishamaliza kulia, atafuta macho, atakutazama, atakuuliza kama umekula. Mwambie bado. Kisha ukae naye, mle.